Nganda (baa) gani ya L'shi naweza kupeleka watoto pamoja na mama mkwe?

Fundi_Kampemba

Jambo yenu wote. Naomba ushauri, ingawa nimekaa Lubumbashi miaka 9 na ningepaswa kujua mwenyewe. Mama mkwe anakuja kutoka Kalemie wiki ijayo, ni mara yake ya kwanza kufika huku. Mke wangu amenionya kwamba hataki mama yake akae wiki tatu akitazama ukuta wa jirani. Kwa hiyo nataka tutoke siku moja: tule bukari (ugali) na nyama ya kuchoma, mimi nipate bia yangu ya Simba moja au mbili kwa heshima, watoto wapate sukre (soda) na mahali pa kukimbia. Tuko saba. Watoto wanne, mkubwa ana miaka 16, mdogo 3.

Shida ni kwamba nganda ninazozijua ni zile za kwenda na wenzangu wa gereji. Muziki unapigwa mpaka chupa zinatembea zenyewe mezani, na choo, tuache tu. Mwaka jana nilipeleka familia mahali palipoandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kwamba ni pa familia. Tulingoja kuku saa mbili na nusu. Mdogo akalala juu ya meza. Halafu dada wa kuhudumia akamwekea kijana wangu glasi ya bia bila kuuliza mtu, mtoto wa miaka 15 wakati ule!

Na kuna jambo lingine, msinicheke. Mimi ni Mluba, na kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Mke wangu anasema mambo hayo yamepitwa. Yamepitwa kwake. Kwa mama yake sijui, na siwezi kumuuliza.

Nimefikiria tarehe 30 Juni kwa sababu sina kazi siku hiyo. Bajeti dola 50, nikibanwa sana 60.

Petit_wa_BelAir

Yaya, mpeleke Kipopo. Kuna ziwa, kuna hewa, watoto wanakimbia mpaka wachoke. Mnapika nyumbani, mnabeba kwenye ndoo yenye kifuniko, mnanunua vinywaji tu. Sisi hufanya hivyo kila mwaka na hakuna anayelala meza bila kula.

Mzee_wa_Ruashi

Baa ni baa. Zamani baba alikuwa anakunywa mbali na watoto, akirudi ananunua mkate. Siku hizi mnabeba mpaka mtoto wa miaka 3 akajifunze. Na mama mkwe juu yake! Mnunulie mbuzi, chinja nyumbani, mambo yaishe.

Mama_Mbabula

Mzee wangu, shikamoo. Mbuzi akichinjwa nyumbani nani atapika? Huyo binti yake, ambaye mama amekuja kumwona. Atamwona mgongo tu, ameinamia sufuria. Watu wanatoka ili mwanamke naye aketi.

Sasa wewe Fundi, nisikilize vizuri. Nilichoma nyama Katuba miaka 12, mbabula (majiko ya makaa) mbili na wasaidizi wawili, mpaka magoti yakakataa. Ninachokuambia nimekiona nikiwa upande ule wa moshi.

Kwanza ondoa 30 Juni kichwani. Siku ya uhuru mji mzima una kiu. Mimi nilikuwa naanza kukata mbuzi alfajiri, na saa tisa mchana sina hata mfupa wa kumpa mbwa. Wanaokuja na watoto siku hiyo huishia kula friti (chipsi) zilizoungua. Chagua Jumapili ya kawaida, baada ya misa. Lakini uliza kama Mazembe, timu yetu ya mpira, wanacheza nyumbani. Wakicheza, usijaribu kupita Kamalondo wala komini (wilaya ya mji) ya Kenya na mama mgeni, mtakaa ndani ya taksi mpaka filimbi ya mwisho.

Pili, usitafute jina. Jina la nganda hubadilika kila mpangaji akibadilika, na ubao wa mlangoni uliuona mwenyewe ulivyokudanganya. Tafuta karibu na kwako, nenda peke yako Alhamisi, na kabla hujaagiza kitu omba choo. Ukikuta ndoo ya maji imejaa na sabuni haijafungwa kwa kamba kama mfungwa, rudi ukae uagize sukre moja. Ukikuta matope, sema aksanti uende. Mtoto wa miaka 3 ataomba choo mara nne ndani ya mchana mmoja, na mama mkwe hataomba hata mara moja akiona pachafu. Atabana mpaka nyumbani, na hilo hatalisahau.

Ukiwa umeketi, tazama spika zimeelekea wapi. Spika ikitazama ndani mchana, jioni hamtasikiana. Tazama pia mbabula iko wapi na upepo unavuma kwenda wapi. Mwezi wa sita huku vumbi na moshi vinakwenda pamoja. Mtoto anayekimbia asipite karibu na makaa: mimi nilikuwa nimepanga kreti tupu kuzunguka jiko langu kama boma, wengine hawajali.

Sasa lile la kuku wako wa saa mbili na nusu. Wengi hawajui hili: mwenye bia na mwenye nyama mara nyingi ni watu wawili. Mimi nilikuwa nimepanga pembe ya uwanja tu, namlipa mwenye baa kila wiki, na mbuzi wangu hawakumhusu. Dada anayeleta chupa analipwa na mwenye bia. Ukimwagiza nyama, atakuja kuniambia akikumbuka, na atakumbuka akishamaliza meza tano za wanywaji, kwa kuwa faida ya bosi wake iko kule. Kwa hiyo ukifika, mke wako aketishe watu, wewe nenda mwenyewe mpaka kwenye moto. Msalimie mchomaji. Chagua kipande kikiwa kibichi, uonyeshe kwa kidole: mbavu na paja, siyo shingo. Nyama ikiona moto hupungua, hivyo ukiona kinatosha, ongeza kidogo. Mwambie akate vipande vya watoto aviweke kwanza, bila pilipili. Kitunguu na chumvi viwe pembeni. Bukari iagize muda huohuo lakini useme isongwe nyama ikikaribia, maana bukari iliyongoja ina ganda juu kama mguu wa mzee.

Na siri moja, kwa sababu nimestaafu. Kipande kizuri huwa kiko chini ya vingine, kinamngoja mteja atakayekuja na gari. Mwambie mchomaji kwa sauti ya chini, "Nimekuja na mama mkwe." Sijawahi kuona mchomaji wa Katuba aliyemwaibisha mwenzake mbele ya mama mkwe.

Samaki usithubutu. Mtu wa Kalemie amezoea mikebuka iliyotoka ziwani asubuhi. Ukimwekea tomsoni iliyosafiri ndani ya barafu kutoka Namibia, atatazamana nayo macho kwa macho na hatafungua mdomo. Mpe sombe (majani ya muhogo) kama wanayo, na munkoyo (kinywaji cha mahindi) kama kuna mama anayetengeneza karibu.

Chupa: ifunguliwe mezani mbele yako, na tupu isiondolewe. Huku hesabu inafanywa kwa chupa zilizobaki mezani, usimruhusu dada "asafishe". Watoto nao wasizitembeze, chupa ya sukre ikipotea utailipa. Dola zako ziwe safi, iliyochanika kidogo tu itarudishwa.

Saa: ingia saa sita na nusu, toka saa kumi na moja. Baridi ya huku mwezi wa sita mama haijui, kwao Tanganyika usiku una joto. Beba kitenge cha pili.

Fundi_Kampemba

Mama, aksanti sana. Nimesoma mara mbili na mke wangu amesoma mara tatu, anacheka pale pa sabuni. Petit, Kipopo ni kuzuri, ila mdogo wangu ni mtundu na maji yananitia hofu, halafu kupika na kubeba ndiyo kulekule mama anakosema. Mama Mbabula, hujanijibu kuhusu kula mbele yake. Na kijana wa miaka 16 nifanyeje, nigombane na dada tena?

Mama_Mbabula

Usigombane na mtu. Dada anapokuja mara ya kwanza, kabla hajauliza, mwambie: hawa wanne ni sukre, mpaka tunaondoka. Akijifanya hasikii, mkumbushe kwamba sheria ya Kongo ya 2009 ya kulinda mtoto inahesabu mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza 18. Huna haja ya kuijua yote.

Kuhusu mama: omba meza mbili. Payote (vibanda vya nyasi) mbili zinazopakana ni bora zaidi. Wewe na wavulana upande huu, mama na binti yake na wadogo upande ule, migongo itazamane. Akitaka kukuambia neno, atamtuma mtoto. Wateja wangu wengi wa kutoka Kasai na Malemba Nkulu walikaa hivyo na hakuna aliyewashangaa. Mke wako akinuna, mwambie nimesema mimi.

Mzee_wa_Ruashi

Hilo la migongo ni sawa. Hapo mama amesema.

Fundi_Kampemba

Narudi kutoa taarifa, kama nilivyoahidi mke wangu kwamba nitawashukuru.

Tulikwenda Jumapili, mahali pasipo jina kubwa, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Alhamisi nilikagua vyoo vitatu. Kwenye cha pili mlinzi alinifuata akaniuliza kama natoka ofisi ya komini. Cha tatu kilikuwa na ndoo, sabuni, na hata kioo kidogo kilichovunjika pembe.

Mchomaji alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Nilipomnong'oneza lile neno la mama mkwe, hakusema kitu. Aliinua vipande vitatu, akatoa cha nne kutoka chini, akanitazama kama mtu aliyeshikwa. Mama, ulisema kweli! Nyama ya watoto ilifika baada ya nusu saa hivi, yetu ikachelewa kidogo lakini ilikuwa laini, na bukari ilikuja ikitoa mvuke. Sombe ilikuwa na chumvi nyingi mno, hilo mama alimtuma mtoto wa pili aje aniambie. Ndiyo ujumbe wa kwanza niliopokea.

Tulikaa migongo ikitazamana. Mke wangu alinuna dakika tano tu, kisha nikamsikia anacheka na mama yake nyuma yangu vile sijamsikia akicheka tangu harusi. Sikugeuka. Nilikula vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa sikuona anayeniona.

Watoto walipata rafiki, mzee mmoja wa meza ya pembeni mwenye kofia ya Mazembe. Aliwasimulia mwaka 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe walipowafunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0, na jinsi Kidiaba kipa alivyokuwa akishangilia kwa kurukaruka ameketi, makalio chini. Maneno hayakumtosha, akawaonyesha. Baada ya hapo watoto wangu wote wanne, pamoja na huyo wa miaka 16 ambaye nyumbani hataki kusalimia watu, walikuwa wanaruka kwa makalio kwenye vumbi. Suruali zimefuliwa mara mbili na rangi nyekundu haijatoka.

Umeme ulikatika saa tisa, wakawasha jenereta nyuma ya payote ya kina mama. Nilitaka tuhame, ujumbe wa pili ukaja: mama anasema yuko sawa, tusimsumbue.

Saa kumi na moja kasoro dada akaja kuhesabu. Kwangu: Simba mbili, sukre tano, sawasawa. Akaenda upande wa pili, akarudi na jumla kubwa kuliko niliyokuwa nayo kichwani. Nikamwambia haiwezekani, kule wamekunywa sukre na maji. Akaniita nikahesabu mwenyewe. Nilikwenda nikitazama chini, kama inavyopaswa. Mezani kulikuwa na sukre nne, chupa ya maji, na bia za Tembo mbili, tupu, zimepangwa vizuri pembeni mwa kitenge cha pili.

Nikamtazama mke wangu. Akasema ni zake.

Mke wangu hanywi.

Mama_Mbabula

Ulilipa?

Fundi_Kampemba

Nililipa, mama. Dola 47 zote kwa pamoja. Na jana mtoto wa pili ameleta ujumbe kwamba mama anauliza kama Jumapili ijayo tuna kazi.