Naomba ushauri: nifanyeje ili watoto wacheke na habari za wanyama bila kupotoshwa?

Msomeshaji wa Jumamosi, Kadutu (Bukavu)

Habari zenu, ndugu wasomaji. Ninaishi Bukavu, katika komini ya Kadutu, na kila Jumamosi asubuhi huwasomea watoto wa mtaa wetu, wenye umri wa kati ya miaka 7 na 12, katika chumba tunachoazimwa na parokia. Shuleni wengi wao hufundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo nimependa karatasi ninayowagawia iwe ya Kiswahili, lugha wanayocheza nayo na kugombana nayo kila siku. Ni ukurasa mmoja wa fotokopi: upande wa mbele una habari za wanyama, na upande wa nyuma una vichekesho.

Habari zenyewe wanazipenda mno. Walipopata kusoma kwamba okapi, mnyama wa msituni wa jamaa ya twiga, ambaye porini hapatikani popote duniani isipokuwa katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ana ulimi wa zaidi ya sentimita 30 na huweza kuutumia kulamba masikio yake mwenyewe, chumba kizima kilitoa ndimi nje, na binti mmoja aliendelea kuunyosha wake kuelekea sikioni, kichwa kikimfuata pembeni, mpaka mate yakamlowesha kola ya gauni. Furaha ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Tatizo limeanzia upande wa vichekesho. Kulikuwa na kichekesho cha twiga aliyekataa kuvaa tai kwa sababu kitambaa cha kumtosha kingemaliza maduka yote ya Kadutu. Watoto walicheka, lakini mvulana mmoja alibaki akiniangalia, kisha akauliza: «Papa, hii ni ya kweli ao ni ya kutuchekesha tu?» Tangu hapo swali hilo linaulizwa karibu juu ya kila sentensi, hata juu ya ulimi wa okapi. Naona mzaha unaanza kuula ukweli.

Pia kuna wazazi wasiopenda watoto wasomeshwe mambo ya haja za wanyama, ingawa hakuna kinachowachekesha watoto zaidi ya hayo. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba baadhi ya watoto wamechukua majina ya wanyama na kuwabandika wenzao: mwenye masikio makubwa anaitwa tembo, na mnene anaitwa kiboko. Sitaki karatasi yangu iwe ghala la matusi. Naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Mwalimu mstaafu, Bagira

Papa Msomeshaji, hongera kwa kazi hiyo. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba kichekesho kitoke ndani ya ukweli wenyewe. Ukitazama vizuri, ulimi wa okapi haukuhitaji msaada wa mzaha wowote. Watoto walicheka kwa sababu jambo lenyewe ni la ajabu na wakatamani kulijaribu kwa miili yao. Tai ya twiga ni mzaha uliobandikwa juu ya mnyama kutoka nje, na mtoto mwenye akili lazima aulize kama gundi hiyo inashika. Mvulana yule amekuuliza swali zuri, na ningefurahi kumwona katika darasa langu.

Nakupa mfano kutoka kwa okapi huyo huyo. Ndama wa okapi, baada ya kuzaliwa, hukaa takriban mwezi mmoja au hata zaidi bila kwenda haja kubwa. Watoto wataangua kicheko hapo hapo, na wengine watashika matumbo. Usiharakishe kuendelea, waache wacheke, kisha uwaulize kwa nini wanadhani iko hivyo. Watataja uvivu, watataja njaa, watataja mambo mengi, na baadaye utawaeleza kwamba siku hizo za mwanzo ndama hutumia muda mwingi akiwa amejificha mahali pamoja msituni, na kwamba wataalamu wanaona ukosefu wa harufu ya kinyesi humsaidia asigunduliwe na chui. Mtoto aliyekuwa akicheka atanyamaza ghafla, kwa kuwa ameelewa kwamba jambo la kuchekesha limeokoa maisha ya mtu mdogo kama yeye. Sijui mzaha wa kutunga unaoweza kufanya kazi hiyo.

Mama muuguzi, Ibanda

Ninaungana na Mwalimu, na juu ya wazazi naomba niseme kwa sauti kubwa zaidi. Papa, usiyaondoe mambo ya haja. Yape sababu, na wazazi watakuelewa.

Mimi huwaeleza watoto habari za inzi. Inzi ana vihisio vya ladha kwenye miguu yake, kwa hiyo akitua tu juu ya sambaza zako za kukaanga, wale samaki wadogo, tayari ameshazionja bila hata kuinamisha kichwa. Zaidi ya hapo hana meno ya kutafunia. Akikuta chakula kigumu hukitemea mate ili kilainike, ndipo akifyonze. Watoto hukunja nyuso, hucheka, hupiga kelele, na mimi huwauliza miguu hiyo ilikuwa imesimama wapi kabla ya kufika kwenye sahani. Hakuna anayehitaji kujibiwa. Mama mmoja aliniambia kwamba mwanawe sasa ndiye anayefunika sufuria nyumbani na kuwagombeza wakubwa wanaoiacha wazi. Mzazi wa namna hiyo hawezi kukulalamikia tena.

Kijana wa Birere, Goma

Nawaheshimu wakubwa waliotangulia, lakini sikubaliani kwamba vichekesho vya kutunga vifutwe. Watoto wetu hapa Goma, kama wenzao wa Bukavu, wamepitia mambo mazito, na kicheko kisicho na somo lolote nacho ni haki yao. Wazee wetu walitusimulia habari za sungura na fisi, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba sungura hufanya biashara kweli.

Hiyo ndiyo njia ninayopendekeza. Weka kanuni moja ambayo hata mtoto wa miaka 7 ataishika: upande wa nyuma wa karatasi, wanyama husema, upande wa mbele, hawasemi kamwe. Mnyama akifungua kinywa na kuongea, mtoto anajua yuko katika mchezo. Asipoongea, mtoto anajua kila neno ni la kweli na linaweza kuthibitishwa. Twiga wako alikataa tai kimya kimya, katika sentensi inayofanana na sentensi za habari, ndiyo maana mvulana alichanganyikiwa.

Mfano: Kinyonga alifika darasani saa nne. Mwalimu akamwuliza kwa nini amechelewa. Kinyonga akajibu: «Mimi niko hapa tangu asubuhi, Mwalimu, ni vile tu nimefanana na ukuta.»

Jirani wa mbuga, Miti

Kanuni ya Kijana wa Goma ni nzuri, na mimi nitaitumia kwa wanangu. Kichekesho chake cha kinyonga, hata hivyo, kinaonyesha hatari iliyobaki. Watu wengi huamini kwamba kinyonga hubadilika rangi ili afanane na kila kitu kilicho karibu naye, na hiyo si kweli. Rangi zake hubadilika hasa kufuatana na hali yake, kama vile hasira, woga au kutafuta mwenzi, na pia kufuatana na joto la mwili: akiwa na baridi huweza kuwa mweusi zaidi ili ngozi inyonye joto la jua. Mtoto atasahau mwalimu wa kwenye kichekesho, lakini ukuta utabaki kichwani mwake. Mnyama wa mchezo anaruhusiwa kusema, kusoma na kuvaa viatu, lakini tabia za mwili wake ziachwe kama zilivyo. Hebu tukirekebishe hivi: Kinyonga aliingia darasani akiwa mweusi tii. Mwalimu akashtuka: «Kinyonga, nani amekukasirisha?» Kinyonga akajibu: «Hakuna, Mwalimu. Naomba tu nihamie dirishani, jua likitoka nitakuwa sawa.» Kichekesho kimebaki, na baridi ya asubuhi ya huku kwetu kila mtoto anaijua.

Sasa juu ya majina ya kubandikana. Sisi tunaoishi karibu na Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya kuwalinda gorila wa nyanda za chini za mashariki, tumezoea kusikia mtu akitukanwa kwa jina la gorila. Kinga niliyoiona inafanya kazi ni kumlinganisha mnyama na mwili wa kila mtu, usimlinganishe kamwe na umbo la mtu fulani. Kila gorila ana mikunjo ya pua isiyofanana na ya mwingine, na wanaofuatilia familia zao huwatambua kwa alama hizo. Wape watoto kioo kidogo na penseli, kila mmoja achore pua yake mwenyewe kwa uangalifu, na michoro ya pua zote, nyembamba na pana, itakuwa kama kazi ya mtaalamu. Waeleze pia kwamba shingo ndefu ya twiga ina mifupa saba tu, sawa na yetu, kisha kila mtoto apapase nyuma ya shingo yake. Hapo hakuna anayebaki nje ili achekwe.

Na usikose kuwaambia kwamba gorila dume anapojipiga kifua hatumii ngumi, kama wanavyoigiza, bali viganja vilivyo wazi, na sauti yake huweza kusikika umbali wa hadi kilomita moja. Watataka kujaribu namna zote mbili ili wasikie tofauti. Waombe tu radhi majirani wa parokia mapema.

Dada wa Katuba, Lubumbashi

Salamu kutoka Lubumbashi. Nyongeza yangu ni ya wale wakubwa kidogo, wa miaka 11 na 12, ambao huanza kuona habari fupi fupi kuwa ni za watoto. Hao wape kisa. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, aliyekuwa akisafiri katika misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo, aliona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji mmoja, na hakuweza kujua ni wa ndege gani. Aliutunza kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa na kusahauliwa, wakiwa wameandikwa kwamba ni tausi wachanga wa India, na unyoya wake ukalingana na wao. Ndivyo wataalamu wa Ulaya na Marekani walivyomfahamu tausi wa Kongo, ndege ambaye mwenye kofia alikuwa akimfahamu siku zote. Binti zangu walicheka sana waliposikia kwamba jibu la fumbo lilikuwa limetembea kichwani mwa mtu. Mdogo wao akaongeza kwamba wangemwuliza tu yule mwenye kofia.

Msomeshaji wa Jumamosi, Kadutu (Bukavu)

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Kuanzia toleo lijalo upande wa mbele hautakuwa na mzaha wa kubandika, na upande wa nyuma wanyama watasema, huku miili yao ikibaki na tabia zake za kweli. Kinyonga wa Kijana na Papa Jirani ataingia, kwa ruhusa yenu. Mwalimu, ndama wa okapi atachukua nusu nzima ya ukurasa wa mbele, na kwa ajili ya wazazi nitaweka inzi wa Mama Muuguzi chini yake. Kisa cha tausi nitawasomea wakubwa kwa sauti.

Nimebaki na swali moja. Wengi wa watoto hawa hawajawahi kumwona okapi wala gorila kwa macho, na sina picha za kuchapisha vizuri kwa fotokopi. Yule mvulana wangu wa «ni ya kweli ao» nitampa nini cha kuthibitisha mwenyewe?

Mwalimu mstaafu, Bagira

Mpe mbuzi. Mboni ya jicho la mbuzi si ya duara kama yetu. Ni ya mstatili uliolala, na humwezesha kuona pande nyingi bila kugeuza kichwa, akawahi adui. Uzuri zaidi ni kwamba mbuzi anapoinamisha kichwa kula majani, jicho huzunguka ndani ya tundu lake ili mstatili ubaki sambamba na ardhi. Hilo halihitaji picha wala makumbusho. Mbuzi hawakosekani Kadutu, hata kando ya njia ya kwenda sokoni. Mwombe mwenye mbuzi ruhusa, mwambie mvulana achuchumae hatua mbili kutoka kwa mnyama, asimshike wala asimfukuze, na achore jicho mara mbili: mara moja mbuzi akiwa ameinua kichwa, na mara nyingine akiwa anakula. Michoro hiyo miwili ichapishe upande wa mbele, na chini yake mwache yeye mwenyewe aandike kama ni ya kweli.