Nikenda kusema jirani anamfungia bibi mgonjwa, nani atanilinda?

Jirani wa Chake:
Assalamu alaykum. Kuna bibi kapita miaka 70, kapooza upande mmoja. Anayemwangalia humfungia ndani tangu asubuhi hadi alasiri, na pensheni jamii yake (ile ya serikali ya wazee wa miaka 70 na zaidi) haioni. Kiunoni ana donda la kulalia. Nikiripoti, familia inaweza kunishitaki? Jina langu litajulikana? Nasikia iko sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa.

Msaidizi wa sheria:
Wa alaykum salaam. Hiyo ya 2015 iache, ni ya Tanzania Bara. Huku Zanzibar shika Sheria ya Masuala ya Wazee, Namba 2 ya 2020, na kwa kuwa kapooza, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 8 ya 2022.

Kosa ni kupeleka polisi habari unayoijua kuwa ya uongo. Ukieleza ulichokiona tu, si kosa. Kinachowaponza watu ni grupu la WhatsApp: ukimwita mtu "mwizi wa pensheni" mbele ya mtaa mzima, kesi ya kukashifu umejitafutia mwenyewe. Andika hivi: "Jumatatu, saa 3 asubuhi, kufuli nje, bibi anaita maji." Neno "anamtesa" muachie hakimu.

Ustawi_Pemba:
Naongeza la jina. Muombe ofisa asilitaje, mwanzoni inawezekana. Ila kesi ikifika mahakamani na shahidi ni wewe peke yako, itabidi usimame. Kwa hiyo ushahidi usikae mdomoni mwako tu, ukae kwenye karatasi za daktari.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi (watu wazima nao hupokelewa), chukua namba ya RB (ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na fomu ya PF3 (ya polisi, ya kujazwa na daktari). Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini huwakutanisha daktari, polisi na ustawi. Donda lipigwe picha kabla ya kusafishwa, daktari aandike lilipo, upana na kina kwa sentimita. Bila ya hivyo utasikia "uzee tu huo".

Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, usianzie, hasa akiwa jamaa yao. Ataita kikao cha suluhu, na jioni nyumba nzima inajua nani kasema. Muhali, ile haya ya kumuudhi jamaa au jirani, ndio unaoziua kesi hizi.

Jirani wa Chake:
Na wakinitisha?

Msaidizi wa sheria:
Hilo ni kosa jengine, fungua RB nyengine. Ujumbe usiufute hata ukishaupiga picha. Simu yenyewe ndiyo itakayotakiwa.

Ustawi_Pemba:
Bibi ahojiwe bila ya huyo mwangalizi chumbani. Kama kiharusi kimemfunga ulimi, anayemfasiria asiwe wa nyumba ile. Pensheni ni yake, si ya anayempikia. Ofisa wa ustawi aulize nani huipokea. Na kabla mtu hajakamatwa, ijulikane bibi usiku huo atalishwa na kugeuzwa na nani.