Kiingereza cha kuongea kwa manahodha: kukariri, kadi za picha, au kisa cha kuchora?

ShelaJioni: Assalam aleykum walimu. Kikundi ni watu 12, manahodha na vijana wanaotembeza wageni Lamu. Kusikia wanasikia, mdomo ndio mzito. Saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki. Nishike ipi?

TichaMalindi: Waleykum salaam mwalimu. Kukariri kunafaa kwa bei, saa na salamu, basi. Mgeni akiuliza lisilo kwenye karatasi, nahodha kimya. Kadi nazo, wote wawili wanaiona picha ileile, wataambiana nini? Kisa cha mtu mwenyewe mwenzake hakijui, lazima aulize.

Kunja A4 mara tatu, utapata visanduku 8. Sita vya picha, viwili vya vitenzi vitano tu. Dakika 8 za kuchora, watu wa vijiti wanatosha. Kisha amsimulie mwenzake kwa dakika 4, ahamie kwa mwingine dakika 3, wa tatu dakika 2. Kisa hakibadiliki. Raundi ya mwisho ulimi unakimbia kwa kuwa maneno keshayatafuta.

Matondoni2: Naunga mkono, ila kuna pa kuharibikia: wanaandika sentensi chini ya picha, halafu wanasoma. Piga marufuku sentensi. Wala usimkatize msimulizi. Andika makosa pembeni, rekebisha mawili tu kabla ya raundi ya pili.

Yatakayojirudia ni “he” na “she”, maana “yeye” wetu habagui. Mume mchoree kofia, mke buibui, na msimulizi aweke kidole kwenye mchoro kila anapomtaja. Pia “walked” kuwa “wokedi”. Mwisho pale ni t, hakuna irabu. “Th” usiipotezee muda, anayesema thelathini na dhahabu anazo zote mbili. Kazi iko kwenye “cat”, “cut” na “cart”, ambazo kwetu zote zinaangukia a moja.

PunguzaMbwembwe: Kwa “in”, “on” na “at” kisa hakitoshi jamani. “-ni” yetu imebeba zote: mezani, nyumbani, majini. Wawili wapeane mgongo, mmoja aeleze mashua yake, mwingine achore anachosikia. Akisema “the fish is on the water”, samaki atachorwa anaelea kama dau. Hapo hahitaji kukosolewa na mwalimu.

ShelaJioni: Na asiyetaka kusimulia lake?

TichaMalindi: Mwache. Mpe la kazi: kutweka tanga hatua kwa hatua, au kumvusha mgeni mpaka Manda. Wala usifungue darasa kwa “siku uliyoogopa baharini”. Huenda yumo aliyefiwa huko. Hilo zoezi la kupeana mgongo liweke mwanzoni, dakika 10, lawachangamsha.

Matondoni2: Na raba usigawe. Dakika nane zote zitaishia kufuta.