Kuhamia Nairobi na watoto wadogo kwa kazi ya Injili: nyumba, shule, kliniki

Bwana Yesu asifiwe wapendwa,

Mume wangu ameitwa na kanisa moja la Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mungu akipenda tunahama Dodoma mwezi Januari. Mkubwa atakuwa ametimiza miaka minne, mdogo ana miezi minane. Wenyeji wetu wanasema watatupatia nyumba kubwa Kitengela, mji ulio nje ya Nairobi, kwa bei nzuri. Mliotangulia mnaonaje? Na shule je, na chanjo za huyu mdogo?

Mama wa Dodoma

*

Amina dada, karibu sana.

Kitengela isahau. Nyumba ni kubwa kweli na hewa ipo, ila Mombasa Road ya asubuhi na jioni haimhurumii mtumishi wa Mungu wala mwenye dhambi. Baba akitoka kwenye maombi ya katikati ya wiki atawakuta watoto wamelala, na kesho yake ataondoka hawajaamka. Afadhali vyumba viwili Umoja, Donholm au Buruburu, huko huko Eastlands, mtoto aende shule kwa miguu na baba aweze kurudi kula mchana. Kodi huku hulipwa mwezi kwa mwezi, pamoja na amana mwanzoni, si kama kule nyumbani unapodaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa sisi tunaoishi kwa michango ya washarika, hiyo ni nafuu kubwa.

Kabla ya kulipa, waulize wapangaji, si mwenye nyumba, maji ya bomba hutoka siku gani na tanki linatosha mpaka lini. Mgao ni jambo la kawaida, na mtoto wa nepi hajui mgao.

Wa miaka minne ataingia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea. Mwaka wa shule huanza Januari, kwa hiyo mmepanga vizuri. Shule nyingi za mjini hufundisha kwa Kiingereza, na atakichukua haraka kuliko wewe. Mnachopaswa kujua mapema ni likizo: hapa hufunga Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Ile ya Juni, binamu zake wanapokuwa kwa bibi, yeye yuko darasani. Desemba ndiyo pekee ya kukutana, basi kateni tiketi za basi mapema.

Chanjo: njoo na kadi ya kliniki, usiiache kwenye masanduku yatakayofuata kwa lori. Surua-rubella hapa pia hutolewa miezi tisa na miezi kumi na minane, hivyo atakapofika ataendelea tu. Malaria Nairobi ni kidogo, na hapo ndipo wengi hujisahau. Mkienda likizo Tanga au Morogoro chandarua ni lazima, na mtoto akipata homa mkisharudi, mwambie daktari mlikotoka hata asipouliza.

Sasa lile ambalo hakuna atakayekuambia kwenye semina ya kuwaaga. Nyumba ya mmisionari haina mlango. Watu watakuja kuombewa saa ya uji, saa ya kuoga, saa ya kulala. Jumamosi ni mikutano, Jumapili ni ibada, na ndizo siku watoto wako nyumbani. Wekeni Jumatatu iwe yao, na mzee wa kanisa atangaze hivyo yeye, si ninyi. Sisi Jumatatu mtoto akitoka shule tunakwenda Arboretum, ile bustani ya miti ya jijini, na chapati zetu kwenye mfuko.

Na zile barua za habari kwa wafadhili! Kila mmoja anataka picha ya watoto. Mimi hutuma ya familia nzima mara moja kwa mwaka, bila jina la shule wala sare. Kuna walionung'unika. Wameendelea kuchangia.

Mama mapacha, Umoja

*

Naomba kutofautiana kidogo na dada yangu. Kitengela si mbaya kama huduma yenyewe iko Kitengela. Kwa Eastlands, nakubaliana naye.

Nyongeza mbili. Muhuri wa mgeni mtakaogongewa mpakani Namanga si ruhusa ya kufanya kazi. Kanisa linalowaalika liombe kibali cha daraja I, lile la kazi za dini na hisani, na wewe na watoto muombewe pasi ya wategemezi. Waanze sasa, wasisubiri mfike.

Pili, baridi. Juni hadi Agosti mtu wa Dodoma atajuta. Nunueni masweta na blanketi, lakini jiko la mkaa lisilale ndani na watoto hata liwe limefifia. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, na kila msimu wa baridi kuna nyumba inaamka na msiba.

Mwinjilisti, Kasarani

*

Asanteni mno, Kitengela tumeifuta. Swali la mwisho: mama mkwe anataka kuja nasi miezi mitatu ya mwanzo. Inawezekana?

*

Mlete! Pasipoti yake au hati yake ya safari, cheti cha homa ya manjano, na pale mpakani aseme anakuja kusalimia wajukuu. Viza hahitaji. Mpe kitanda chake mwenyewe, asilale na watoto kama mama mkwe wangu alivyolala na mapacha, maana alirudi Moshi na maumivu ya mgongo. Na mwambie abebe vitenge vizito.

Mama mapacha