Yule Muingereza wa kofia nyeusi aliyewapa Bilbao pasi fupi, nani anamjua vizuri?

kiungo_mkabaji
Wakuu salaam. Jana usiku nilikuwa napekua rekodi za zamani za ligi ya Hispania nikakuta kitu kimeninyima usingizi, msimu wa 1929-30 Athletic Bilbao walibeba ubingwa bila kupoteza hata mechi moja, halafu msimu uliofuata wakamfunga Barcelona 12-1. Sijakosea kuandika, ni kumi na mbili kwa moja. Kuangalia kocha nani nakuta Muingereza, Fred Pentland. Sasa mimi najua Waingereza wa enzi zile ni butua mbele winga akimbize, huyu pasi fupi alizitoa wapi? Na mbona kwao hasikiki kabisa? Mwenye kumjua ashushe, hata kama ni ndefu nasoma yote

winga_wa_kale
Mkuu umenigusa penyewe, huyu mzee nampenda sana. Kwanza alikuwa mchezaji wa maana, winga wa kulia, kapita Blackburn na Middlesbrough na timu ya taifa ya England kacheza mechi 5 zote mwaka 1909. Alipostaafu akaenda Ujerumani 1914 kuinoa timu yao ya Olimpiki, hajakaa sawa vita hiyo ikalipuka, Wajerumani wakawakusanya Waingereza wote wanaume wakawafungia Ruhleben, ulikuwa uwanja wa mbio za farasi pembeni ya Berlin na watu walikuwa wanalala kwenye mabanda ya farasi. Walikuwa zaidi ya 4,000 humo ndani. Ila wakaanzisha ligi yao na makombe yao, na wachezaji wakubwa walikuwepo, mpaka Steve Bloomer aliyefunga magoli 28 kwa England kwenye mechi 23. Mimi naamini pale ndipo Pentland alipokomaa kama kocha maana miaka minne unakula unalala unazungumza mpira tu na watu wanaoujua.

Vita ikaisha akaenda Ufaransa, akawa na timu yao Olimpiki ya 1920, kisha Santander, halafu 1922 Bilbao wakamchukua. Inasimuliwa kwamba mazoezi ya kwanza kabisa aliwafundisha kufunga kamba za viatu! Watu wazima wachezaji wa Bilbao wanaelekezwa kamba. Jamaa alikuwa anaanzia chini kabisa. Akawatoa kwenye mpira wa nguvu na kubutua akawaingiza kwenye pasi fupi za chini, na mwaka 1923 tu wakabeba Kombe la Mfalme. Aliondoka 1925 akarudi 1929, na hapo ndo moto: ligi 1930 na 1931, kombe 1930, 1931, 1932 na 1933, yaani manne mfululizo. Hiyo 12-1 uliyoiona straika wao Bata peke yake alipiga 7, na mpaka leo Barca hawajawahi kufungwa vibaya zaidi ya hapo kwenye ligi.

Na ile kofia yake ngumu nyeusi ndo ilimpa jina la El Bombín, timu ikishinda wachezaji wanamvua wanairukia mpaka inasagika, mzee ananunua nyingine

namba_kumi
Kuhusu pasi fupi, usiwaweke Waingereza wote kapu moja. Waskoti walikuwa wanapasiana tangu miaka ya 1870 na wachezaji wao walijaa kwenye klabu za England, kwa hiyo kijana aliyekua huko aliuona mpira huo kwa macho yake. Shida ya England ilikuwa kwenye ukocha. Klabu nyingi zilikuwa hazimpi mchezaji mpira katikati ya wiki, anakimbizwa tu kuzunguka uwanja wakiamini Jumamosi ataufuata kwa njaa. Mtu mwenye akili ya kufundisha angebaki kufanya nini? Ndo maana walitawanyika, Jimmy Hogan kaenda Austria na Hungary, William Garbutt kaenda Genoa 1912 kachukua ligi 1923 na 1924, wengi wanasema ndiyo sababu Waitaliano mpaka leo kocha wanamuita mister. Huyo huyo Garbutt akaja kuwapa Bilbao ligi ya 1936. Na Bloomer naye alikuja Hispania baada ya kambi akawafundisha Real Unión wa Irun, nao wakamfunga Real Madrid fainali ya kombe 1924

kiungo_mkabaji
Aisee asanteni sana. Na England wenyewe hawakushtuka kweli?

winga_wa_kale
Walipaswa kushtuka Mei 1929 pale Madrid, Hispania 4 England 3, mara ya kwanza England kufungwa na timu ya nje ya visiwa vyao, na Pentland alikuwa benchi la Hispania akisaidia kuwaandaa. Bado vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania ilipomrudisha kwao 1936 akaishia kufundisha Barrow, madaraja ya chini huko. Hii inaniuma mpaka kesho.

Ila Bilbao hawakumsahau, 1959 walimwita San Mamés wakamwandalia mechi ya heshima dhidi ya Chelsea, yeye ndiye aliyeuanzisha mpira, ana miaka 76. Alipofariki 1962 ibada ya kumkumbuka ilifanyika pale pale uwanjani