Roots ya Sepultura: walifuata soko au walifuata ngoma?

Kijana wa Langoni: Wakuu, salaam. Nimezoea Sepultura, bendi ya metali (roki nzito) ya Brazili, enzi za albamu ya Arise, ile ya 1991, mwendo wa mbio mwanzo hadi mwisho. Sasa jamaa wa Shela kanirushia Roots ya 1996, nikashangaa. Magitaa yameshushwa mpaka yananguruma, mwendo mzito, solo za kuhesabu. Halafu "Itsári", gitaa la galatoni, lisilo la umeme, na Waxavante, wenyeji wa asili wa Brazili, wakiimba! Hii mnaiita metali?

Nywele Ndefu, Malindi: Walifuata soko tu. Prodyuza wao Ross Robinson ndiye aliyetoka kurekodi Korn, bendi iliyokuwa ikivuma wakati ule, na mwimbaji wa Korn mwenyewe yumo kwenye "Lookaway". Mimi nimebaki na albamu yao ya zamani, Beneath the Remains. Roots nilimpa shemeji, na hajairudisha, wala simdai.

Mpiga Msondo, Mkomani: Wee Nywele Ndefu, punguza jazba. Ngoma hazikuanza kwenye Roots. Rudi albamu ya Chaos A.D. ya 1993, sikiza "Kaiowas": hakuna anayeimba, ni galatoni na ngoma. Wale ni watoto wa Brazili. 1995 wakaenda hadi kijijini kwa Waxavante, Mato Grosso, wakarekodi nao. Anayetaka soko tu angebaki studio akala kiyoyozi.

Kijana, vaa spika za masikioni uweke "Ratamahatta". Pale yupo Carlinhos Brown, mwanamuziki wa Bahia, Brazili. Usisikize gitaa kwanza, shika ngoma ya chini. Utaona gitaa ndilo linaloifuata, na Igor, mpiga ngoma wao, hana haraka, anaacha nafasi kati ya pigo na pigo. Sisi kwenye kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, ni vivyo hivyo: zumari italia itakavyo, lakini ukiharakisha ngoma ya msondo, wenye fimbo wanakosa pa kuweka mguu, na wazee watakutoa mbele za watu. Kwenye Arise Igor alikuwa hodari wa mikono. Hapa ndipo nilipomsikia mpigaji. (Sauti yake imerekodiwa vizuri mno pia, ngozi unaisikia.)

Kijana wa Langoni: Nimeirudia, naam, ngoma ya chini nimeishika. Ila mbona Max, mwimbaji wao, hakuendelea nao?

Mpiga Msondo, Mkomani: Waligombana kuhusu meneja, ambaye ni mkewe Max. Akaondoka mwishoni mwa 1996, akaunda bendi ya Soulfly.

Nywele Ndefu, Malindi: Ngoma nakubali. Solo zangu nani atanirudishia?