Kwa nini shina huyumba mbele na nyuma ilhali upepo unavuma kutoka upande mmoja?

Swali
Naomba kueleweshwa. Upepo ukiusukuma mti mrefu, shina halibaki limeinama, bali hurudi na hata kupita mahali pake pa kawaida. Ni nini kinacholirudisha? Je, kuyumba huko kunaudhoofisha mti mchanga kiasi cha kulazimu kuufunga kwenye kigingi usitikisike kabisa?

Jibu la 1
Ndugu, upepo haushiki nguvu moja, huzidi na kupungua. Shina linapopinda, nyuzi za mbao upande unaokabili upepo huvutwa na zile za upande wa pili hubanwa. Upepo ukilegea, nyuzi hizo hurejea urefu wake na kulirusha shina hadi ng'ambo ya wima. Mti mrefu mwembamba huyumba polepole, mfupi mnene huyumba harakaharaka. Unene una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: shina lenye kipenyo mara 2 ya jingine, la mbao ileile na urefu uleule, ni gumu kupindwa mara 16. Matawi nayo hupunguza kuyumba, kwani kila moja huenda kwa mwendo wake na kulinyang'anya shina nishati. Ndiyo maana naona kukata matawi yote ya chini na kubakiza kishungi juu ni kosa kubwa.

Jibu la 2
Kuhusu kigingi: kuyumba ndiko kunakouimarisha mti mchanga. Mwaka 1803, Mwingereza Thomas Andrew Knight alieleza majaribio yake ya mitofaa, ambamo miti iliyoachwa iyumbe ilinenepa zaidi sehemu ya chini kuliko iliyofungwa, na mmoja ulioruhusiwa kuyumba kaskazini na kusini tu ukawa mnene zaidi kuelekea pande hizo. Ukilazimika kuufunga, fungia chini, kwa utepe mpana uliolegea, na ukiondoe kigingi mizizi ikishashika.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na likizidiwa, shina huanza kuharibika upande gani?

Jibu la 3
Mbao hustahimili kuvutwa kuliko kubanwa, hivyo nyuzi za upande usiokabili upepo hujikunja kabla zile za upande wa pili hazijakatika. Mti hai hujikinga kwa kuwa tabaka zake za nje hukua zikiwa zimevutika tayari, na mvutano huo sharti uishe kwanza ndipo zianze kubanwa. Lakini udongo ukiloa sana, mizizi yaweza kung'oka shina likiwa zima, kwa hiyo kagua pia pale linapoingia ardhini.